Kopo Jingine la Dawa ya Injini

9 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri, na leo nimeuona moshi. Nilikuwa nimewasha Corolla ili ipate joto kabla mke wangu Domingas hajatoka ndani. Nilipogeuka kufunga mlango wa nyumba niliona nyuma ya gari wingu la buluu limelala juu ya majani, halipandi wala haliondoki. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe ni maji, wa buluu ni oili inayoungua. Nilisoma hilo zamani, nilipokuwa karani wa telegrafu wa reli katika stesheni ya Luau, katika kitabu alichokisahau fundi mmoja. Fundi hakurudi kukichukua, na baadaye hata mimi nililazimika kukiacha pamoja na stesheni yenyewe.

Nilipima oili. Kijiti kilitoka kikavu karibu mpaka nchani, na nilikuwa nimejaza Jumapili.

Domingas alikuja akishika ukuta. "Gari limeanza kuvuta sigara," akasema.

"Ni baridi tu."

"Hata wewe ulisema hivyo ulipoanza."

Tulifika kwa wakati. Kila Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, mashine ya hospitali mjini Solwezi huitoa damu yake, huisafisha na kumrudishia. Akikosa mara moja miguu huvimba. Akikosa mara mbili atapumua kama mtu anayezama. Mabasi ya huku kwenye makazi ya wakimbizi hayaondoki mpaka yajae, na wakati wa mvua hayajai. Kwa hiyo ni Corolla, au hakuna.

14 Novemba

Chinyemba, mume wa binti yetu Zita, amekuja na begi lake la spana. Ni fundi wa magari. Gereji yake iko uani kwake mjini, na nyumba yake iko karibu na hospitali kiasi kwamba ukisimama mlangoni unaliona tangi la maji la hospitali. Naliandika hili mara moja ili nisilazimike kuliandika tena. Kwa desturi yetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hapandi naye gari moja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Tulivuka mpaka kutoka Angola kuja Zambia bila sufuria na bila viatu, lakini hili tulivuka nalo.

Domingas aliposikia sauti yake alijitia ndani. Chinyemba alifanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo.

"Baba," alisema baadaye. Alichuchumaa na kupiga makofi polepole kwanza, kama anavyofanya akiwa na habari mbaya. "Nadhani ringi za pistoni zimekwisha. Inabidi nifumue injini."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili. Vipuri vikikwama Kitwe, tatu."

"Na Jumanne? Na Ijumaa?"

Alitazama spana yake. Nikamwambia kuna watu wanatia dawa ya oili na magari yao yanakwenda.

"Wapo, baba. Hata anayetaka kuuza gari bovu huitia, ili mnunuzi asisikie kitu. Oili nzuri imeshatiwa kiwandani kila inachohitaji. Ukiongeza dawa unaifanya nzito tu."

"Kwa hiyo haifanyi kazi."

"Moshi utapungua. Lakini kilichokwisha kitabaki kimekwisha."

Nilimwona kuwa ni kijana mwenye haraka ya kufungua injini kwa sababu kufungua ndiyo kazi aijuayo. Nilimshukuru, nikamfungashia muhogo, akaenda zake.

19 Novemba

Pale barabara yetu ya udongo inapokutana na lami kuna kibanda cha Mama Mulonga. Anauza oili, betri, mkaa na uyoga. Leo tukirudi nilisimama kununua oili.

"Ahsante, mzee," alisema akijipepea kwa kanga. "Umenifukuzia mbu wote."

"Una kitu cha kusaidia?"

Akatoa kopo la bati. "Hii hapa. Kaka yangu ana lori linalokunywa hii miaka yote. Lori limemshinda mke wake wa kwanza kwa afya."

Domingas alicheka kwenye kiti cha nyuma, na ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka baada ya mashine. Huenda ndicho kilichoninunulisha kopo. Dawa ilitoka polepole kama asali ya msituni, hata ikabidi nilishikilie kopo mpaka mkono ukachoka. Mama Mulonga alimtolea Domingas kigoda akae kivulini wakati huo, akamuuliza habari za miguu yake kama mtu aliyekuwa akimfikiria.

23 Novemba

Hakuna moshi.

26 Novemba

Hakuna moshi. Oili imeshuka kidogo sana. Domingas aliimba njiani, wimbo wa wanawake wa kutwanga, na nilipojaribu kuitikia akaniambia nishike usukani.

Nimemwandikia Chinyemba ujumbe kwa simu: Gari limepona. Alijibu: Tunashukuru, baba. Nilitamani angebisha.

3 Desemba

Moshi umerudi, mwembamba, asubuhi tu tunapowasha. Kwenye mlima wa kuingia mjini hakuna. Nimetia kopo jingine.

11 Desemba

Jumamosi ya mvua. Nimelisoma kopo lote kwa miwani na kioo cha kukuzia. Limeandikwa kwa lugha nne, Kireno kikiwemo, na Kireno chake ni kibovu. Nimetafuta vitenzi. "Husaidia." "Huweza kupunguza." "Hurejesha hisia ya nguvu." Hakuna "hutengeneza", wala "huziba", wala "huponya". Kwenye telegrafu mtu aliandika: Mama amefariki, njoo. Hakuandika: Hali ya mama huweza kusaidiwa na ujio wako. Mtu anayeandika "husaidia" anajua anachokikwepa.

Hata hivyo nilikuwa nimeshalimwaga lote.

14 Desemba

Makopo mawili. Mvua kutwa.

25 Desemba

Zita amekuja na watoto. Chinyemba amewaleta, kisha akaenda kula kwa jirani, kama inavyompasa. Tulikula shima, ugali wetu wa muhogo, na kuku. Domingas alionja mchuzi kwa ncha ya kijiko. Uyoga umejaa msituni, na daktari amemkataza. Ameruhusiwa maji kikombe kimoja, anakigawa mpaka jioni.

Baada ya chakula Zita alisema lile ambalo sote tulikuwa tukilizunguka.

"Mama, njoo ukae kwetu mpaka mvua iishe."

Domingas aliendelea kumsuka mjukuu. "Nilale kwa mkwe wangu?"

"Atahama yeye chumba."

"Akihama chumba paa linahama? Watu wa kwetu watasema vita vilituacha hai, tukamalizia wenyewe."

"Watu gani, mama? Nusu wamerudi Angola, nusu wako makaburini pale."

"Hao hao," alisema Domingas. "Halafu nimeshahamishwa mara mbili. Kwanza na wanajeshi, tena na watu wa makazi waliotutoa kitalu cha kwanza. Hapa nimepanda miembe yangu mwenyewe. Sihami tena."

Zita alinitazama mimi. Nikasema, "Gari linakwenda."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na Zita akainama kuokota vyombo.

7 Januari

Leo, karibu na mji, kwenye mlima wa machimbo, injini iligonga. Ni mlio kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja, mbali, ndani ya chuma. Ulikuja tulipokaribia kileleni, ukapotea tukishuka.

9 Januari

Chinyemba alikuja. Aliliendesha gari peke yake mpaka kwenye lami na kurudi.

"Baba, mimi siusikii."

"Hapa hutausikia. Unakuja likiwa limebeba watu, limepata moto, kwenye ule mlima."

"Moshi je, unatoka mlimani au mkiwasha asubuhi?"

"Chinyemba, mimi naendesha. Sikai nyuma nikitazama moshi."

"Kuna tofauti, baba. Ningekuwa ndani ya gari ningejua."

"Basi panda. Jumanne njoo tupande wote."

Ndani tulimsikia Domingas akikohoa, na Chinyemba akasogea nyuma ya kichuguu ili hata kivuli chake kisifike mlangoni.

"Unajua siwezi," alisema. "Acha dawa wiki moja. Imenenepa humo ndani, inaficha kila kitu. Acha nilisikie lilivyo."

Wiki moja ni Jumanne na Ijumaa. Nilimwambia nitafikiri. Alipoondoka nilimwona kuwa ni mtu anayejificha nyuma ya heshima ili asilaumiwe kwa jibu lisilo sahihi. Nilimwambia Domingas hivyo. Alinijibu, "Ungependa mkwe asiye na heshima? Wamejaa sokoni."

14 Januari

Limegonga tena. Kopo jingine, la dawa nzito zaidi, lenye picha ya simba.

18 Januari

Miguu ya Domingas imevimba ingawa hajakosa hata mara moja. Muuguzi anasema moyo nao umechoka. Alisema jambo hilo huku akimfunga bandeji, kwa upole, kama anayetaja hali ya hewa.

20 Januari

Mama Mulonga amenisikiliza habari ya kugonga mpaka mwisho. Akasema, "Umelilisha sana, mzee. Tumbo limejaa. Sasa lisafishe." Akanipa kopo jingine, jembamba, dawa yake nyepesi kama maji. Unatia kwenye oili ya zamani, unaiacha injini izunguke robo saa, unamwaga yote, unatia oili mpya.

Nimefanya hivyo leo mchana mvua ilipotulia. Iliyotoka ni nyeusi, ina mabonge. Nilifurahi kuona uchafu ukitoka, na nikadhani umetoka wote. Oili mpya kwenye kijiti ina rangi ya chai. Injini inanguruma taratibu. Kesho ni Ijumaa.

23 Januari

Sasa ndiyo naweza kuandika.

Ijumaa tuliondoka mvua ikipiga kioo hata kipangusio hakikufua dafu. Tulipolipita daraja dogo la lami, taa nyekundu ya oili iliwaka. Haikumetameta, iliwaka na kubaki. Najua maana yake. Oili imo lakini haipandi, na chuma kinasagana na chuma. Kila kitabu nilichosoma kinasema neno moja: zima.

Nilitazama saa. Tungeweza kuwahi. Mbele yetu palikuwa na mlima tu, na baada ya mlima ni mji.

"Taa gani hiyo?" aliuliza Domingas.

"Waya. Unyevu umeingia."

Nikaendelea. Sikuzima. Mlio ule wa kidole kimoja ukawa wa ngumi, ukawa wa nyundo, na chini kabisa ya mlima gari lilipiga kelele moja kama mlango wa chuma unaofungwa, likasimama. Nilipogeuza ufunguo hapakuwa na kitu. Injini ilikuwa imeshikana.

Mvua iliendelea. Domingas alifungua kioo kidogo ili apate hewa, na maji yakamlowesha bega. Nilimwekea koti langu. Magari yalipita yakiturushia matope. Nilisimama katikati ya barabara na mikono juu, mzee mwenye tai, maana sijawahi kwenda hospitali bila tai, mpaka lori la mkaa likasimama. Wapakiaji wawili walimbeba mpaka mbele. Mmoja alisema, "Mama, wewe ni mwepesi kuliko gunia letu dogo," akimfariji, na Domingas akamwambia, "Ungenibeba nikiwa msichana ungevunjika." Kisha alishindwa kupumua, akahema dirishani mpaka mjini.

Mashine alikuwa amepewa mwingine. Ndiyo taratibu, na huyo mwingine naye alikuwa mgonjwa. Walimpa hewa ya mtungi na kumwahidi nafasi kesho yake asubuhi. Vitanda vilikuwa vimejaa. Zita alikuja na mwavuli.

"Mama, ni pale tu. Hata watoto wanafika."

"Nitakaa hapa."

"Kwenye benchi?"

"Nimeshalala pabaya zaidi."

Alikaa kwenye benchi la korido, kichwa begani kwangu. Kupitia dirishani tuliliona paa la nyumba ya binti yetu, mabati mapya, maji yakitiririka. Chini ya ukuta wa hospitali alisimama Chinyemba, ametugeuzia mgongo, analowa. Alisimama pale mpaka giza likaingia. Hakuweza kuingia kwa sababu mama mkwe yumo, na hakuweza kuondoka kwa sababu hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi walimsafisha damu. Yu hai.

24 Januari

Chinyemba amelivuta gari mpaka gereji yake, amefungua bakuli la oili chini ya injini. Aliniita nitazame. Chujio linalofyonza oili lilikuwa limezibwa na utandu mweusi, kama shima iliyoungulia sufuriani.

"Uchafu wa miaka ulikuwa umelala chini," alisema. "Dawa ya kusafisha imeuamsha wote kwa pamoja. Ukaja hapa."

Nilingoja anilaumu. Badala yake alikaa chini, juu ya tairi, jambo asilolifanya mbele yangu.

"Na mimi nilikosea, baba. Ringi ni nzima. Nimezitoa, nimezipima. Oili ilikuwa inapenya kwenye sili za valvu, vipira vidogo tu. Gari la namna hiyo linatoa moshi asubuhi likiwashwa, mlimani halitoi. Ni kazi ya siku moja. Ningeimaliza Jumatano yoyote."

"Mlimani halikutoa," nikasema. "Niliona."

"Ningepanda nanyi mara moja ningeona hata mimi."

Tulikaa tukilitazama lile chujio. Nilijaribu kumkasirikia, na hasira haikuja. Kwa miezi yote hii yeye alikuwa nje ya gari, Domingas ndani, nami katikati nikimwaga makopo.

30 Januari

Zita alimsimulia mama yake yote, habari ya sili za valvu na habari ya siku moja. Domingas alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Lile benchi lilinitosha."

Leo amehamia kwa Zita. Alifunga mlango wetu mwenyewe, akanipa ufunguo, hakutazama miembe. Lazima nibaki huku makazini, maana nyumba isiyo na mtu inapewa mwingine, na muhogo unachimbwa na wapitao. Nitakwenda kila Jumamosi kwa basi, likijaa.

Chinyemba amehama nyumba yake mwenyewe. Analala gereji, ndani ya Corolla, viti vya nyuma, injini ikiwa imetolewa na kuwekwa juu ya matofali. Anasema paa la gari si paa la nyumba, na gari ni la mama mkwe, kwa hiyo yeye ndiye mgeni. Zita anawapelekea maneno, huku na huku.

5 Februari

Nimeuliza vipuri. Wiki ijayo.

12 Februari

Wiki ijayo.

15 Februari

Nilipita kwa Mama Mulonga. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, ila aliponiona peke yangu alitoa kile kigoda, akakiweka, akakitazama, akaanza kulia.

"Hajafa bado, mama," nikasema. "Yuko mjini kwa binti yake."

"Lori la kaka yangu limesimama tangu Krismasi," alisema. "Sikukuambia. Sikujua kama ni dawa au ni uzee wake."

"Pengine vyote."

"Hata mimi ile dawa natia kwenye jenereta langu, mzee. Sikuuzii nisichotumia."

Namwamini. Mtu akiniuliza leo kama dawa ya oili ina faida, nitamwambia gari zima haliihitaji na gari bovu haliponi nayo. Lakini sitamwambia kwamba kopo la kwanza halikufanya kitu. Ijumaa ile Domingas aliimba.

26 Februari

Amepungua. Alinishika mkono akaniuliza habari za miembe. Nikamwambia imebeba. Haijabeba.

Chinyemba anasema beringi mpya ziko Kitwe, zinangoja lori.

12 Machi

Basi liliwahi kujaa, nikafika kabla sijatarajiwa. Nilipita upande wa uani. Zita hakuwepo. Domingas alikuwa ameketi ndani, amelipa dirisha mgongo, na Chinyemba nje, amelipa dirisha mgongo vilevile, akipangusa spana. Nilisimama kwa sababu walikuwa wakizungumza. Kwa miaka yote ya ndoa ile sikuwahi kuwasikia. Domingas alikuwa akiuambia ukuta, na Chinyemba akiijibu spana.

"Nauliza tu," alisema Domingas. "Ile injini."

"Mama, imekwisha. Mhimili wake umekatika na silinda moja imepasuka. Nilijua tangu siku ya pili."

"Hakuna kipuri?"

"Hakuna hata cha kuagiza."

Alikohoa kwa muda. Chinyemba aliinamisha kichwa, akangoja.

"Mzee anajua?"

"Sijaweza kumwambia."

"Usimwambie. Akijua hakuna gari la kunirudisha, atajua kuwa sirudi. Mwambie vipuri viko njiani. Anakula vizuri akiwa na kitu cha kungojea."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uache kulala kwenye gari lile. Mgongo wako ni wa baba wa watoto."

"Ndiyo, mama," alisema, nami nilijua kwamba hilo hatalifanya.

Nilirudi mpaka barabarani. Nilisimama kidogo karibu na duka la mitumba, nikifunga tai upya. Kisha nikaja tena kwa lango la mbele, nikikohoa, nikiburuta viatu ili wasikie. Domingas alinipokea kwa tabasamu. Nilikula kila nilichowekewa.

Wakati wa kuondoka Chinyemba alinisindikiza mpaka kituoni, amenibebea mfuko.

"Vipi vipuri, mwanangu?" nikamuuliza.

Alichuchumaa, akapiga makofi polepole.

"Wiki ijayo, baba."

"Vizuri," nikasema. "Jumamosi nitakuja na oili mpya, nzuri, ile isiyohitaji kuongezwa kitu. Mwambie mama yako."